Koti Lililokuwa Kazini

Mwaka 1976, katika Kampuni ya Mbao Mlimani, mjini Iringa, mfanyakazi aliyehudhuria kazini kuliko wenzake wote alikuwa koti.

Lilikuwa koti la kahawia, la mtumba wa kafa ulaya, lenye vifungo vitatu vya ukoo mmoja na kimoja kilichoolewa humo kutoka kwingine. Halikuwahi kuchelewa. Halikuugua malaria. Halikuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Kila asubuhi lilikutwa limekaa wima kwenye mgongo wa kiti, katika chumba cha michoro, mabega yameinuka kidogo kama ya mtu aliyezama katika mawazo mazito. Saa tatu kamili Meneja Liberatus alipita kwenye ujia, akalitazama kupitia kioo cha mlango, akaridhika, akaendelea na safari yake.

Ni lazima ieleweke kwamba Meneja Liberatus hakuhesabu watu. Watu wanatembea. Mara yuko stoo, mara kaenda kunywa maji, mara kaitwa kiwandani Mafinga. Ukiwahesabu utapata jibu jipya kila dakika, na meneja hakuajiriwa ili apate majibu mapya. Yeye alihesabu makoti. Koti kwenye kiti lilikuwa na maana moja tu, na kila ofisi ya mji ule iliijua: mwenyewe yupo, katoka kidogo. Hiyo kidogo haikuwa na kipimo, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuipima.

Mwenye koti aliitwa Sedekia. Alikuwa mchoraji wa kampuni, maana yake alichora kila kitu ambacho mafundi wa Mafinga wangekipigilia misumari baadaye: makenchi ya paa, milango, vitanda vya mabweni, na zaidi ya vyote madawati, kwa sababu serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila mtoto wa nchi hii atakaa darasani, na ilikuwa bado haijafahamika atakaa juu ya nini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa miaka ishirini na tisa. Na kwa siku kadhaa katika kila wiki mbili hakuwemo ndani ya koti wala ndani ya Iringa. Alikuwa Mbalizi, upande wa pili wa mji wa Mbeya, kwa mke wake.

Mke wake, Lea, alifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya huko. Walioana wakiwa wote Mbeya. Baada ya miezi mitatu Sedekia akapata kazi Iringa, na wote wawili wakaamini kwamba Lea atahamishwa muda si mrefu. Lea akaiandikia Wizara. Wizara ikajibu kwamba barua yake imepokelewa. Akaandika tena, ikajibu kwamba na ya pili imepokelewa. Wizara ile ilikuwa hodari wa kupokea. Mwaka ukapita, Sedekia akiwa kwenye chumba cha kupanga kule Kihesa, akisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea ya miezi mitatu tu, na kila jioni akiitazama nusu iliyobaki. Mikono ya Lea ilikuwa na harufu ya chaki ambayo haikutoka hata kwa sabuni. Siku moja Sedekia alionekana dukani ameinamia boksi la chaki, anavuta pumzi, mpaka mwenye duka akamuuliza kama ana pumu, maana kwa ugonjwa huo chaki haisaidii.

Mambo ya koti yalianza kwa bahati mbaya, kama yanavyoanza mambo mengi makubwa. Alhamisi moja Sedekia alitoka ofisini mbio, awahi lori la mbao pale Ipogolo lililokuwa linakwenda Tunduma, akasahau koti kitini. Nia yake ilikuwa amwone Lea Ijumaa asubuhi, ageuze siku hiyo hiyo, na Jumamosi aombe radhi. Wakati wa kurudi, lori alilolipata likaharibika Chimala, nalo likakaa kuharibika kwa utulivu mpaka Jumatatu. Jumanne aliingia ofisini amekwisha tunga maombolezo marefu ya kujitetea. Meneja Liberatus alikutana naye mlangoni, akampa mkono.

"Ndugu Sedekia," alisema, "naona siku hizi umekazana kweli. Kila nikipita, upo."

Sedekia alifungua mdomo, kisha, baada ya kufikiri, akaufunga.

Kuanzia hapo shughuli ilichukuliwa na Tadeo. Tadeo alikuwa karani wa vipimo vya mbao, Mbena wa Mafinga, aliyekaa meza moja mbele ya Sedekia, na kwa muda mrefu alikuwa ameteseka kwa kukosa jambo linalofaa kipaji chake. Sasa alilipata. Siku za kutokuwepo kwa Sedekia aliliwekea koti kikombe cha chai, chenye mvuke wa kweli, akakibadilisha ikifika saa nne. Alichonga penseli na kuacha takataka zake mezani. Jumamosi, ambayo ilikuwa nusu siku, aliukunja mkono mmoja wa koti mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu mtu anayefanya kazi Jumamosi ana haraka. Jumatatu aliliinamisha kidogo upande wa kushoto. Alisema Jumatatu hakuna koti la heshima linaloweza kukaa wima kabisa, na likikaa, watu watashuku.

Na kazi haikulala hata kidogo. Sedekia alikuwa mtu mwaminifu katika kila jambo isipokuwa hilo moja. Alikunja karatasi zake ndani ya bomba la plastiki, akazifunga pamoja na rula yake ya T, akachora kwenye meza ya chumba cha Lea, na Jumanne akaweka michoro iliyokamilika mbele ya meneja. Tena ilikuwa mizuri kuliko ile aliyoichora ndani ya koti. Kule Iringa nusu ya akili yake ilikuwa Mbalizi. Akiwa Mbalizi, akili yote ilikuwa mezani, kwa kuwa nusu ile iliyozoea kutoroka ilikuwa imekwisha fika.

Tatizo lilikuwa baridi. Anayeijua njia ile anaujua upepo wa Makambako, na Sedekia aliupita kila mara juu ya shehena ya mbao bila koti, kwa kuwa koti lilikuwa kazini. Alivaa mashati mawili na kupanga magazeti ya wiki nzima katikati yake. Alifika Mbalizi alfajiri, midomo imekuwa ya buluu, na habari za taifa zimemganda kifuani. Lea alimchemshia maji, akabandua gazeti moja moja, na hakuuliza. Lakini katika mwezi wa pili wa safari hizo uvumilivu wa kutouliza ukamwishia.

"Umeliuza lile koti?" alisema.

Sedekia akamweleza yote. Lea alicheka mpaka akakaa chini, hasa aliposikia habari za mkono uliokunjwa wa Jumamosi.  Alipoinuka alikuwa na uso mwingine.

"Kwa hiyo kule unahesabiwa hata usipokuwepo," alisema. "Hapa huhesabiwi hata ukiwepo. Unajua mwalimu mkuu anakuitaje? Mgeni wa Mwalimu Lea. Safari iliyopita kaniuliza, yule mgeni wako anarudi lini kwao."

 Sedekia alimshika mkono, akakinusa kiganja, na kwa kuwa ilikuwa saa moja kasorobo Lea akaenda kazini, yeye akafuatana naye kwa kuwa hakutaka kuupoteza hata huo mwendo mfupi.

Hivyo ndivyo alivyoingia darasa la kwanza na kuyaona madawati yake mwenyewe. Yalikuwa yamefika kutoka Mafinga mwezi mmoja uliopita. Yalikuwa imara, yamepigwa randa vizuri, yananukia msonobari, na watoto walikaa juu yake miguu ikining'inia kama ndizi kwenye mkungu. Mtoto mmoja, Seni, ambaye watu wake walikuwa wamehamia Usangu na ng'ombe wao wakamwacha kwa shangazi asome, alikuwa ameegemeza kidevu juu ya meza kwa sababu kichwa chake kilikoma hapo. Benchi la nyuma walikaa vijana wa miaka kumi na minne, walioanza shule mwaka ule ule, magoti yao yamepanda mpaka masikioni. Sedekia aliona aibu. Mchoro ule ulikuwa wa zamani. Aliunakili kama alivyoukuta, akiwa kitini, ndani ya koti, bila kumwona mtoto yeyote.

Aliomba rula. Ijumaa ile na Jumatatu iliyofuata, na safari zote zilizofuata, alipanga watoto mstari chini ya ukuta wa darasa na kuwapima kutoka kisigino mpaka goti. Aliandika kwenye daftari: tarehe, jina, urefu. Seni, sentimita ishirini na tisa. Roza, thelathini na moja, kajinyoosha, rudia. Budeba, arobaini na nne, ana ndevu. Watoto walizoea mpaka wakawa wanamwita Bwana Magoti, jina ambalo kwa mtu wa cheo chake halikuwa zuri, lakini angalau halikuwa Mgeni.

Kutokana na daftari lile likazaliwa dawati jipya, la vimo vitatu, lenye ubao chini wa kuwekea miguu. Mafundi waliguna, wakatengeneza. Shule za Iringa zikaagiza, kisha za Mbeya, kisha oda zikawa nyingi mpaka kiwanda cha Mafinga kikaongeza zamu. Meneja Liberatus aliutundika mchoro ule ukutani na kuwaonyesha wageni. Kila mgeni alielezwa kwamba fikra kama hizi hazimjii mtu anayezurura. Zinamjia mtu anayekaa kitini.

Ijumaa, siku moja kabla ya Mei Mosi, meneja alikuja chumba cha michoro na cheti cha mfanyakazi bora. Alikuwa amevaa tai. Tadeo aliruka akasimama, akasema Ndugu Sedekia katoka kidogo. Meneja akasema si neno, hakutaka kuikatiza kazi. Akalikaribia koti, akasimama mbele yake kwa muda unaostahili, akakikunja cheti mara mbili na kukitia kwenye mfuko wa kifuani, akaupigapiga mfuko ule kwa upole. Tadeo aliniapia baadaye kwamba alisikia koti likisema asante. Lakini Tadeo ni Tadeo.

Mwezi wa tano mambo mawili yalitokea. La kwanza, kampuni iliamua kufungua bohari Mbalizi, kando ya barabara kuu, kwa ajili ya oda za Mbeya na Usangu. Atahitajika mtu mmoja wa kukaa huko. La pili, tumbo la Lea lilikuwa limefikia kiasi cha kutofichika hata na gauni pana, na muuguzi wa kliniki alikuwa ametaja mwezi wa saba kuwa wa kujifungua.

Sedekia hakulala akiwaza namna ya kuomba, ingawa kwa akili ya kawaida hakukuwa na la kuwaza: nafasi ipo, mtu yupo, mke yupo hatua mia mbili kutoka penye bohari. Aliandika ombi kwa mwandiko wake wa michoro, akalipeleka. Meneja Liberatus alilisoma, akavua miwani.

Alisema analielewa jambo hili kama mwanadamu. Lakini yeye alikuwa pia meneja. Bohari ni kibanda chenye mizani na kufuli; huwezi kumtuma huko mtu ambaye katika miezi kumi hajakosa siku moja. Ofisi nzima inamtazama. Wengine wakichelewa, anawaonyesha kiti chake. Mbalizi atakwenda mtu ambaye kuondoka kwake hakutatikisa nyumba, naye amekwisha kumchagua: Tadeo.

"Ungekuwa mzembe kidogo, Ndugu Sedekia," alisema kwa huzuni ya kweli, "ningekuachia leo hii."

Tadeo alipopata habari zake alikaa kimya muda mrefu, jambo lililowatisha watu wote. Kila Jumamosi mchana alikuwa akipanda basi kwenda Mafinga, kwa mama yake na kwa binti mmoja aliyekuwa hajakubali wala kukataa. Sasa anapelekwa mbali huko kwa wauza viazi. Walitazamana na Sedekia juu ya meza, koti likiwa katikati.

"Tumelilea sisi wenyewe," alisema Tadeo. "Nikupe chai au nilipe lenyewe?"

Sedekia alimwandikia Lea majibu ya meneja. Jibu lilirudi kwa dereva wa lori, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la shule, na lilikuwa fupi. Lea alisema ni mzima, na mtoto anarusha miguu kama darasa la kwanza kabla ya dawati jipya. Halafu aliandika: "Ijumaa usije. Kila Jumatatu nikirudi shuleni naikuta nyumba imetoka kuachwa, na sasa inanichukua wiki nzima kuizoea tena. Njoo siku utakayokuja kukaa."

Aliisoma barua hiyo mara nyingi, akitafuta neno lililokasirika. Hakulipata. Lingekuwepo angejua la kufanya.

Wiki tatu Sedekia hakwenda popote. Aliliondoa koti kitini, akalivaa, akakaa. Tadeo alikatazwa kuchonga penseli. Kwa mara ya kwanza katika miezi kumi kampuni ilimpata mfanyakazi wake bora pamoja na nguo zake, na ikapata hasara: alichora mlango wenye bawaba pande zote mbili. Alichora benchi la miguu mitatu, na fundi wa Mafinga, kwa utii, akalitengeneza. Mchana alikuwa akisimama dirishani kutazama malori yakishuka mlima kuelekea Ipogolo, akijua lipi linakwenda Tunduma kwa namna lilivyofungwa kamba. Meneja Liberatus alipita saa tatu kamili, akaliona koti, akaridhika.

Alhamisi ya wiki ya nne Sedekia alipiga moyo konde, akabisha hodi kwa meneja. Alikuwa amelivaa koti. Kwapani alikuwa na daftari la magoti.

"Ndugu Meneja, nimekuja kusema kwamba mimi si mfanyakazi bora."

Meneja alisema unyenyekevu ni jambo zuri, lakini usizidi.

"Siku mliyoniwekea cheti mfukoni nilikuwa Mbalizi."

"Ulikuwa umetoka kidogo."

"Nilikuwa Mbalizi. Na wiki mbili kabla ya hapo. Na wiki mbili kabla ya hiyo. Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu. Miezi kumi."

Meneja Liberatus alimtazama kwa huruma. Alisema amewahi kuona watu wakiwasingizia wenzao ili wapate uhamisho. Leo kwa mara ya kwanza anamwona mtu akijisingizia mwenyewe. Alisema mapenzi ya mke yanaweza kumfikisha mtu hapo, na kwamba yeye kwa macho yake mawili alimwona kitini siku zote hizo.

"Mliliona koti," alisema Sedekia, akaliweka daftari mezani.

Meneja alifungua ukurasa wa kwanza. Alisoma tarehe, akasoma Seni, akasoma Roza, rudia. Akainuka, akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akaweka kidole juu ya Ijumaa, akarudi, akasoma tena. Alifanya hivyo mara nne au tano, akienda na kurudi, kila safari akitembea polepole zaidi. Ule mchoro uliotundikwa ukutani, wa dawati la vimo vitatu, alikuwa anaupita kila mara bila kuutazama. Mwisho akasimama mbele yake.

"Haya magoti," alisema. "Ni ya kweli?"

"Ni ya watoto wa mke wangu. Wa darasani kwake."

 Meneja alikaa. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyepata habari za msiba wa ndugu ambaye hakujua kwamba anampenda.

"Nililisalimia," alisema. "Asubuhi nyingi tu, nikipita, nililisalimia kimoyomoyo. Nikienda nyumbani nilisema, angalau yule yupo." Akalifunga daftari. "Na chai? Ilikuwa inafuka moshi."

Sedekia alitazama sakafuni. Hilo lilikuwa swali ambalo jibu lake lilikuwa na mama Mafinga.

"Basi," alisema meneja. "Tadeo atakwenda Mbalizi kama nilivyosema. Sasa najua na sababu."

Kisha akatoa hukumu, na aliitoa polepole, akiitafuta huku akiisema, kwa kuwa haikuwa imeandikwa katika kitabu chochote cha kampuni. Hawezi kumweka kwenye orodha ya wafanyakazi mtu ambaye hayupo. Akifanya hivyo, kesho ofisi nzima itabaki makoti. Lakini pia hawezi kuacha madawati yachorwe na mtu wa kitini, kwa sababu ameona benchi la miguu mitatu. Kwa hiyo mwisho wa mwezi jina la Sedekia litafutwa. Atakwenda kwake. Kampuni itamtumia kazi kwenye bahasha, naye ataichorea popote anapotaka, saa anayotaka, hata kitandani. Atalipwa kwa kila mchoro. Kukiwa na mchoro, analipwa. Kusipokuwa na mchoro, hakuna. Likizo hakuna, matibabu hakuna, kiinua mgongo hakuna, na mwezi ambao bahasha haikuja asije kulia hapa.

"Hakuna atakayekuhesabu tena," alisema. "Umelifikiria hilo?"

"Kuna mtu mmoja atanihesabu," alisema Sedekia. "Nimeona bora awe huyo."

Meneja Liberatus alimrudishia daftari, lakini mchoro wa ukutani aliuacha palepale. Mpaka leo wageni wanaonyeshwa. Ile sehemu ya kiti tu ndiyo haielezwi tena.

Mwezi ulipokwisha Sedekia alisafiri mchana, juu ya mbao, ndani ya koti. Pale Makambako upepo ulimjia kama kawaida, ukamzunguka kutafuta pa kuingilia, ukakosa. Mbalizi alifika jua likiwa linatua nyuma ya vilima. Lea alikuwa uani anaanua nguo, mkono mmoja umeshika kiuno. Alimtazama yeye, akalitazama koti, akaacha nguo kwenye kamba.

"Leo Alhamisi," alisema.

"Ndiyo."

"Jumatatu?"

"Jumatatu nipo. Na Jumanne."

Lea alikishika kile kifungo cha ukoo mwingine, akakizungusha kati ya vidole.  Alikizungusha mpaka uzi ukakatika, kikabaki mkononi mwake, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba, wa kike, wakamwita Damari. Majirani walikuja kumpongeza Lea, na wakitoka walimpa Sedekia pole, kwa sauti ya chini, maana walikuwa wamemwona nyumbani siku za kazi mfululizo na wakajua kafukuzwa. Mama mmoja alimletea mayai ya kumtia nguvu. Mwalimu mkuu alimwita kando akamshauri asikate tamaa, nchi bado changa. Sedekia alieleza kwamba yuko kazini, kwamba ile meza pale dirishani ndiyo ofisi. Wakaitikia kwa upole, kama watu wanavyomwitikia mgonjwa.

Bahasha zililetwa na Tadeo kutoka bohari. Alikuja nazo akala ugali, akamrusha mtoto juu, akalaani Mbalizi na viazi vyake, kisha akakaa kizingitini akitazama malori yanayokwenda upande wa Mafinga, na ikawa lazima kumwita mara mbili ndipo asikie. Zilikuwepo wiki ambazo alikuja mikono mitupu. Wiki hizo Sedekia alichonga penseli zote, akazipanga, akatembea uani kutoka ukuta hadi ukuta, na alishangaa kugundua kwamba anakumbuka ile chai ya saa nne, na hata hatua za Meneja Liberatus kwenye ujia, mtu anayepita mara moja kwa siku kuhakikisha kwamba upo.

Mwishoni mwa Septemba likizo ya uzazi ya Lea ilikwisha. Asubuhi hiyo alijifunga kitambaa, akamnyonyesha Damari, akamkabidhi kwa baba yake pamoja na maagizo mengi kuliko ya Wizara yote. Akatoka. Watoto walikuwa wanamngoja njiani, wakampokea daftari na boksi la chaki, wakamzunguka.

Sedekia alisimama mlangoni na mtoto begani. Shule ilikuwa hatua mia mbili; alichokiona kutoka hapo ni paa, bendera, na njia nyekundu ya vumbi. Nyuma yake, mezani, kulikuwa na mchoro wa vitanda vya bweni unaotakiwa Ijumaa. Saa nane Lea angekuwa amerudi. Alijua hivyo kabisa, na kifua kilimbana vilevile kama kule Kihesa mbele ya nusu ya ugali, isipokuwa sasa kilibana kwa kipimo kidogo, cha kutosha asubuhi moja.

Lea alifika kwenye kona, pale njia inapokunja nyuma ya miti ya mikaratusi. Mwalimu akiwa mbele ya wanafunzi wake hageuki njiani kutazama nyumbani kwake. Si heshima, na watoto watacheka. Lea alikuwa amemweleza hilo jana yake, kwa uso wa darasani kabisa, ili asije akangoja. Sedekia alimhamishia mtoto bega la pili, akangoja.